Je, Wajua? Kalundu Haina Matumbawe, Lakini Joto Limefika

Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yanapauka katika bahari zote kubwa, mara ya nne kwa dunia nzima tangu kumbukumbu zianze. Mwaka huohuo maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia bandarini Kalundu, hapa Uvira. Bahari iko mbali na Uvira, lakini mambo mengi yanaunganisha miamba yake na miamba yetu. Haya ni baadhi yake.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya rangi ya tumbawe si yake?
Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo laini wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao unaishi mwani usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenye nyumba. Maji yakizidi joto la kawaida la kilele cha msimu kwa nyuzi 1 tu, na hali hiyo ikadumu majuma kadhaa, mwani huo hutolewa nje. Mnyama mwenyewe ni mwangavu kama kioo, basi kinachobaki machoni ni mifupa myeupe. Tumbawe lililopauka halijafa, lina njaa. Maji yakipoa mapema, linaweza kupona.

Je, wajua kwamba wapimaji wa matumbawe huandika chini ya maji kwa penseli?
Wino hauwafai, ila penseli hukwaruza vizuri juu ya ubao wa plastiki. Mzamiaji hutandika utepe wa kupimia juu ya mwamba, kisha huufuata polepole akiandika hali ya kila tumbawe lililo chini yake: zima, limefifia, jeupe, limekufa. Huweka fremu ya mraba na kupiga picha, hulinganisha rangi na kadi maalumu, na pengine huvunja kipande kidogo kwa nyundo na patasi ili maabara ione ni mwani gani umebaki. Baada ya miezi hurudi palepale, kwa sababu hesabu ya siku moja haisemi nani alipona. Kwa kazi ya namna hii, shirika la CORDIO la Mombasa lilizaliwa kutokana na janga la kupauka la 1998, lililoua matumbawe mengi ya Afrika Mashariki.

Je, wajua kwamba ndugu wa tumbawe anaishi Tanganyika?
Ni yavuyavu wa maji baridi, mviringo, mwangavu, upana wake sentimita mbili hivi. Wataalamu humwita *Limnocnida tanganyicae*. Yeye na tumbawe ni wa ukoo mmoja mpana wa wanyama. La kushangaza zaidi, watafiti wamekuta mwilini mwake vijidudu vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, kama wale wapangaji wa tumbawe.

Je, wajua kwamba ziwa letu hujenga kwa madini yaleyale ya tumbawe?
Mifupa ya tumbawe ni ya aragoniti, aina ya chokaa. Katika ncha ya Banza, kwenye rasi ya Ubwari kusini mwa Uvira, maji moto hutoka chini ya ziwa na kujijengea vibomba vya aragoniti. Hapo hakuna mnyama aliyejenga; ni joto la ardhi ya Bonde la Ufa.

Je, wajua kwamba samaki wa pwani hii walifundisha dunia jambo kubwa?
Yupo samaki anayeishi kwa kula magamba ya wenzake, *Perissodus microlepis*. Mdomo wake umepinda, ama kushoto ama kulia, na kila mmoja hushambulia ubavu mmoja tu wa windo lake. Kama wapimaji wa matumbawe wanaorudi palepale, mtafiti Mjapani Michio Hori na wenzake walikusanya sampuli za samaki hao kwenye ufuko wa kaskazini-magharibi wa ziwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1993 Hori alieleza katika jarida la *Science* kwamba wenye mdomo wa upande mmoja wakizidi, windo hujihadhari upande ule, na wa upande wa pili hushiba. Hivyo idadi yao huyumba karibu na nusu kwa nusu.

Je, wajua kwamba Tanganyika huumia bila kubadilika rangi?
Maji moto ni mepesi, hukaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Kadiri juu panavyozidi joto, ndivyo upepo unavyoshindwa kuchanganya, na mbolea iliyo kilindini haipandi. Mwani hupungua, na samaki kama ndagala na mikeke hukosa lishe. Utafiti uliochapishwa katika *Nature* mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki wanaweza kuwa wamepungua kwa asilimia 30. Mwingine wa 2016 ulionyesha kwamba, katika maeneo yaliyochunguzwa, sehemu ya chini ya ziwa yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu katikati ya karne ya 20.

Je, wajua kwamba tope huweka kumbukumbu?
Watafiti huzamisha bomba na kutoa nguzo ya tope, tabaka juu ya tabaka. Kwa njia hiyo walisoma joto la Tanganyika la miaka 1,500 iliyopita, na joto la sasa likazidi yote waliyoyakuta.

Je, wajua kwamba sahani nyeupe hupima afya ya ziwa?
Padri Mwitalia Angelo Secchi aliijaribu baharini mwaka 1865, na hadi leo hutumika maziwani. Sahani hushushwa kwa kamba yenye alama za mita, na mpimaji huandika kina inapopotea machoni. Siku mto Mulongwe unaposhusha udongo wa milimani, sahani hupotea mapema.

Bahari ikiugua, hujipaka weupe na kila mtu huona. Ziwa letu halina ishara hiyo. Weupe tunaushusha sisi wenyewe kwa kamba. Kwa hiyo mvuvi wa Kalundu, mwalimu wa Uvira, na wewe mwanafunzi unayepita karibu na Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia: chukueni daftari. Andikeni tarehe, kimo cha maji na ndagala waliopatikana, tena kila siku. Na mlimani, acheni miti ishike udongo.