Menengai: Mteremko Mpole, Historia Kali

Ukiitazama Menengai kutoka mjini Nakuru, huoni kilele kilichochongoka kama cha Mlima Kenya. Unaona mwinuko wa taratibu tu, unaofika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari na kuishia kwenye ukingo wa shimo lenye urefu wa kilomita 12 na upana wa 8. Wengi hulikumbuka shimo wakausahau mlima. Wanajiolojia huihesabu Menengai miongoni mwa volkeno ngao: lava ilitiririka mbali kabla ya kuganda, tabaka juu ya tabaka, hadi likatokea umbo la ngao iliyolazwa kifudifudi. Umbo hilo hutuonyesha volkeno ilivyojengwa. Halitupi dhamana ya upole wake.

Mtu anaweza kupinga kwamba volkeno ngao zinazojulikana zaidi, kama zile za Hawaii, ni za basalti, ilhali Menengai ni ya trakiti, yenye silika nyingi zaidi, na silika huifanya lava kuwa nzito. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, trakiti ya Menengai ina sodiamu na potasiamu kwa wingi usio wa kawaida, na elementi hizo hukata minyororo ya silika, lava ikapata wepesi. Ndivyo ngao ilivyoanza kujengwa miaka kama 200,000 iliyopita. Lakini magma hubeba gesi pia. Miaka kama 29,000 iliyopita, kisha tena kama 8,000 iliyopita, gesi hiyo ilifumuka, majivu ya moto yakatapakaa, na paa la chumba cha magma likaporomoka kwa kukosa tegemeo. Mlipuko wa pili ulitoa takriban kilomita za ujazo 30 za magma.

Wapo watakaosema hayo ni ya kale. Lakini sakafu ya shimo imefunikwa na mitiririko ya lava ipatayo 70 iliyotoka baadaye, na michanga zaidi huenda ina miaka mia chache tu. Joto nalo bado lipo: visima vilianza kuchimbwa mwaka 2011, na tangu 2023 mvuke wake unazalisha umeme. Hiyo si sababu ya kuihama Nakuru, kwani kwa kawaida magma inayopanda hutetemesha ardhi na kuivimbisha, na dalili hizo hupimika. Tunaofaidi joto la Menengai tuugharimie pia ulinzi wake: vipimo vya mitetemo visikatizwe, na mipango ya makazi izingatie historia ya mlima.