Hata Wanaanga Hudhoofika Mifupa

Mwaka 2023 tulipomtembelea kaka yetu mjini Houston, Texas, nchini Marekani, tulimkuta Mama amekaa tu. Miezi saba kabla ya hapo aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Mkono ulipona, lakini tangu siku ile hakuruhusiwa kuinua hata sufuria. Maji aliletewa, viatu alivishwa na wajukuu. Tuliona ni heshima, na sisi tungefanya vivyo hivyo.

Jumamosi tulikwenda wote Space Center Houston, makumbusho ya safari za anga yaliyofunguliwa mwaka 1992. Kaka alitia kiti cha magurudumu ndani ya gari. Mama alinuna, kisha akakikalia.

Watoto walifurahia kugusa kipande cha jiwe la mwezini. Sisi tulisimama penye chombo walichofundishiwa wanaanga wa Skylab, ile nyumba ya angani iliyokaliwa na vikundi vitatu kati ya mwaka 1973 na 1974. Kikundi cha mwisho kilikaa siku 84. Tukawaeleza watoto kwamba huko juu wanaanga walikuwa na baiskeli ya kukanyaga pale pale. Mama akauliza: "Baiskeli ya nini, na hakuna pa kwenda?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Chombo kinapoizunguka dunia, kinaanguka pamoja na waliomo, ndiyo maana huelea kama hawana uzito. Raha hiyo ina gharama. Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili hubomoa sehemu yake na kujenga upya, na hujenga zaidi pale penye mzigo. Miguu isipobeba kitu, kazi ya kubomoa huizidi ile ya kujenga. Mwanaanga huweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mifupa ya nyonga kwa mwezi mmoja, na misuli ya miguu hulegea. Kwa sababu hiyo wanaoishi angani siku hizi hufanya mazoezi kama saa 2 kila siku.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Basi mimi mmenirusha angani," akasema.

Hakuna aliyejibu.

Tukapanda gari la wageni hadi kwenye roketi ya Saturn V, aina iliyowapeleka watu mwezini. Imelazwa chini, urefu wake kama mita 111. Kwa miaka mingi ililala nje, ikinyeshewa na kuchomwa na jua, kabla ya kujengewa nyumba. Mama akaomba viatu vyake vifungwe vizuri, akasimama, akamshika mjukuu bega. Alianzia kwenye mitambo ya nyuma. Alipumzika mara nne. Kaka alifuata na kiti kitupu, uso umemkunjamana kwa hofu.

Ndugu msomaji, usimwinue mzee wako leo kwa fujo kwa sababu umesoma habari hii. Aliyevunjika karibuni, mwenye ugonjwa wa moyo au anayeona kizunguzungu, aonwe kwanza na daktari. Kisha aanze kidogo kidogo: kuinuka kitini mara kadhaa, kutembea uani, kuchambua mboga akiwa amesimama. Ondoeni mkeka unaoteleza, wekeni taa njia ya chooni. Chakula nacho kina sehemu yake: maziwa, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Lakini chakula peke yake hakitoshi kwa mtu anayeshinda kitini.

Jumatatu daktari wa Mama aliruhusu matembezi ya dakika 10, asubuhi na jioni, na kazi nyepesi za nyumbani. Jumatano tulisikia mwiko ukigonga sufuria jikoni. Mama alikuwa anasonga ugali. Kaka akataka kukimbilia kumpokea, tukamshika shati.