Siri ya Nambari 2,162,202

Msomaji, hebu twaa kalamu na karatasi. Sensa ya Agosti 2019 ilipata watu 2,162,202 katika kaunti ya Nakuru, toka Naivasha hadi Molo. Wengi huisoma nambari kama hiyo na kupita. Sisi tuichokore kidogo.

Inaishia na 2, basi ni shufwa. Jumlisha tarakimu zake upate 15. Kwa hivyo yagawika kwa 3. Kwa 7 pia. Ukiigawa kwa hizo zote, yaani kwa 42, unapata 51,481, na hapo kisu kimegota mfupa: hiyo ni nambari tasa, haigawiki tena.

Maeneo bunge ya Nakuru ni 11. Jaribu kuyagawia watu hao sawasawa, uone 9 wakikosa pa kwenda!

Lakini tazama hili. Wanaume walikuwa 1,077,272 na wanawake 1,084,835. Jumla yao, 2,162,107, haigawiki kwa 2, wala kwa 3, wala kwa 7. Waliosalia ni 95. Hao ni huntha, na sensa hiyo ndiyo ya kwanza nchini kuwaandika peke yao. Katika sensa za awali kila mmoja wao alitiwa kwa wanaume au kwa wanawake, apende asipende.