Ayub Ogada Alisare Bendi, Akabaki na Nyatiti

Ukitaja ngoma ya Kothbiro kwa mtaa, wasee wanaruka direkti kwa Kanye West na ile "Yikes" ya 2018. Sawa, lakini zile sauti Kanye alibeba ni za Black Savage, mbogi ya Kanairo iliyokuwa inachapa roki imechanganywa na mziki wa ocha huko miaka ya sabini. Kati yao kulikuwa na kijanaa anaitwa Job Seda. Huyo Seda ndiye Ayub Ogada.

1979 akawa kati ya walioanzisha African Heritage Band, bendi kubwa, vyombo mob. Halafu akaenda majuu na nyatiti yake, akawa anapiga kwa stesheni za treni za chini ya ardhi London, watu wakipita na haraka zao. Hapo ndio wasee wa tamasha ya mziki ya WOMAD walimcheki, na 1988 akapanda jukwaa lao. Albamu yake ya kwanza akiwa solo, En Mana Kuoyo, ikatoka 1993 kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel.

Na manze, hiyo albamu ni moto! Nyatiti iko na nyuzi nane tu. Vile wazee wa Kijaluo huichapa, msee anaketi chini, anavaa pete ya chuma kwa kidole cha mguu, anagonga nayo ubao wa chombo, na njuga zinalia mguuni. Kumaanisha midundo, nyuzi na sauti zote zinatoka kwa mtu mmoja. Sasa Ayub ameshapitia magitaa na madramu anarudi hapo, anaimba polepole, hasukumi sauti, na bado haukosi kitu. Mimi naona hiyo ni ujasiri kuliko kelele yoyote.

Kothbiro ilirudi kwa hii albamu ikiwa imevuliwa kila kitu, na ndiyo ikaingia kwa filamu ya The Constant Gardener, 2005. Inajulikana, na inastahili. Kenye kinaniuma ni wasee kuishia hapo tu. Skiza Obiero. Skiza Dala, haswa kama uko mbali na kwenu.

Ayub alitutoka Februari 2019, huko Kisumu. Ukidai kuanza leo, weka ile Kothbiro ya Black Savage kwanza, halafu hii ya 1993, kisha uache albamu iende mpaka mwisho bila kuruka ngoma yoyote.