Super Mario Bros.: mchezo wa mwaka 1985 unaofundisha bila kusema neno

Mpe mtoto ambaye hajawahi kushika maneti mchezo wa Super Mario Bros., kisha ukae kando bila kumwambia kitu. Atakufa kwa adui wa kwanza, pengine mara mbili. Mara ya tatu ataruka. Hakusoma maelezo yoyote, na hakuna mkubwa aliyemwonyesha. Dakika kumi baadaye utamwomba akuachie zamu naye atakataa.

Mchezo huu ulitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985. Ni kazi ya Nintendo, kampuni ya mji wa Kyoto iliyoanza mwaka wa 1889 kwa kutengeneza karata. Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka waliuchora kwa mkono juu ya karatasi za miraba, na Koji Kondo akatunga muziki ambao hata watu wasiocheza wanaujua. Una dunia 8, na kila dunia ina hatua 4, jumla hatua 32. Vyote hivyo vilikaa katika kaseti ya kilobaiti 40. Picha moja tunayotumiana kwa WhatsApp mara nyingi inapita hapo. Nafasi ilikuwa ndogo mpaka mawingu na vichaka vikafanywa kwa mchoro mmoja: uliopakwa rangi nyeupe ni wingu, wa kijani ni kichaka. Wengi walicheza miaka bila kutambua.

Tuangalie dakika ya kwanza, maana humo ndimo mchezo wote umefichwa. Mario anasimama upande wa kushoto, na mbele yake kuna nafasi tupu. Kwa hiyo unakwenda kuume, hakuna pengine pa kwenda. Adui anakuja polepole na uso wa hasira. Ukibaki palepale anakuua, lakini hujapoteza kitu, umetembea hatua chache tu. Juu kuna matofali yenye alama ya kuuliza yanayometameta. Unaporuka kumkwepa adui, unaweza kugonga tofali kwa kichwa na sarafu ikatoka. Sasa unajua mambo mawili kwa kuruka kumoja.

Halafu tofali lingine linatoa uyoga. Uyoga unafanana kidogo na yule adui, basi mtu anaogopa. Unateleza kuelekea kuume, unaanguka chini, unagonga bomba la kijani, unageuka na kumrudia Mario. Ukijaribu kuuruka, matofali yaliyo juu yako yanakuzuia. Unakugusa, na badala ya kufa unakuwa mkubwa. Miyamoto mwenyewe ameeleza kwamba mahali hapo palipangwa hivyo kwa makusudi, ili mchezaji ajifunze uyoga ni mzuri hata kama hataki.

Mbele kidogo kuna ngazi mbili zinazotazamana, na katikati ni udongo. Ukikosea kuruka unaanguka chini na kupanda tena. Ngazi mbili zinazofuata ni za namna ileile, lakini katikati ni shimo. Mwalimu mzuri hufanya hivyo: zoezi kwanza, mtihani baadaye.

Kisha kuna kuruka kwenyewe. Ukibonyeza kidogo Mario anaruka kidogo. Ukishikilia kitufe anakwenda juu zaidi. Akiwa hewani bado unaweza kumvuta mbele au nyuma. Akikimbia kwa kasi hasimami papo hapo, anateleza, kama mtu anayeshuka mlima wakati wa mvua. Ndiyo sababu mtu akianguka shimoni hasemi mashine imemwonea. Anajua alikawia kuruka. Anarudi.

Jina la Mario lina historia yake. Katika Donkey Kong, mchezo wa mwaka 1981, alikuwa seremala aliyeitwa Jumpman. Baadaye tawi la Nintendo la Marekani likamwita Mario kwa jina la Mario Segale, aliyekuwa mwenye ghala walilopanga. Masharubu yake pia yana sababu: kwa nukta chache za skrini ile hawakuweza kumchora mdomo unaoonekana, na kofia iliwaokoa na kazi ya kuchora nywele.

Kwetu, wengi hatukuujua mchezo huu kwa mashine halisi. Tuliujua kwa zile za kuiga, ambazo kaseti moja iliandikwa ina michezo maelfu, kumbe ni michezo michache iliyorudiwa kwa majina mengine. Mario alikuwemo karibu kila mara. Tulikaa chini kwa jirani mwenye televisheni, wawili wanacheza kwa zamu, mmoja Mario na mwingine Luigi, na wengine sita wanatoa mashauri. Mchezo haukuwa na namna ya kuhifadhi mlipofikia. Ukifika dunia ya 6 umeme ukakatika, mnarudi kwenye adui wa kwanza. Nadhani hakuna Mjapani aliyelihesabu tatizo hilo.

Umeuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Tuseme ukweli: Marekani watu wengi waliupata ndani ya sanduku pamoja na mashine, hivyo hesabu hiyo si ya waliouchagua peke yao. Filamu ya Mario ya mwaka 2023 nayo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.

Mkaaji wa Kivu ana jambo lingine la kuangalia. Vifaa vya elektroniki vya siku hizi, mashine za michezo zikiwemo, vina vipande vidogo vya tantale inayotokana na koltani, na koltani tunajua inakotoka. Rubaya si mbali na Goma. Mwaka wa 2012 shirika la Kimarekani Enough Project lilipima juhudi za makampuni ya elektroniki za kujua asili ya madini yao. Nintendo ilipata sufuri. Kuupenda mchezo hakumzuii mtu kulisema hilo, na mimi naupenda.

Bado kuna watu wanaoshindana kuumaliza haraka. Kwa kutumia mabomba ya siri yanayorusha mchezaji dunia kadhaa mbele, wenye ujuzi wanafika kwa binti mfalme chini ya dakika 5, na sasa wanagombania sehemu ndogo za sekunde. Mimi, tangu ile sebule ya jirani, sijamfikia hata mara moja. Yule kaka aliyemfikia alikuwa wa kiti cha mbele, na usiku ule umeme ulikubali kubaki.