Shilingi Elfu Tano za Ikulu na Deni la Msomi

Katika historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hesabu moja ndogo ya mishahara ambayo wasomaji wengi wameisikia ikitajwa juu juu, lakini ambayo haijapewa uzito inaoustahili, hasa na wale wanaokatwa mshahara kila mwezi ili kurejesha mkopo wa elimu ya juu. Hesabu hiyo haikufanywa na mchumi wala na mhasibu wa Hazina, bali na Rais Julius Nyerere mwenyewe, akiwa amesimama Ikulu mbele ya wanafunzi mia kadhaa waliokuja kumpinga, tarehe 22 Oktoba 1966. Rais alieleza kuwa mshahara wake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, akaulinganisha na kipato cha Mtanzania maskini aliyekuwa akipata shilingi 200 kwa mwezi, kisha akasema kwa hasira kwamba mtu huyo angehitaji miaka 25 ili kupata kile ambacho Rais wake anakipata kwa mwaka mmoja.

Hesabu ni sahihi, kwani shilingi 5,000 kwa miezi 12 ni shilingi 60,000, nazo shilingi 200 kwa miezi 12 ni shilingi 2,400, na 60,000 ikigawanywa kwa 2,400 inatoa 25 kamili. Jambo linalosumbua si usahihi wake, bali kwamba hoja iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya wanafunzi kabla haijawa ya Rais, na kwamba waliochangia kuiibua ndio walioadhibiwa siku ileile.

Chanzo cha mgogoro kinajulikana, hivyo muhtasari unatosha. Serikali iliamua kwamba wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita walazimike kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, kwa muda wa miaka miwili, ambapo miezi ya mwanzo wangekaa kambini na miezi 18 iliyobaki wangefanya kazi zao za kitaaluma kwa kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 10 ambazo mhitimu alistahili kulipwa, shilingi 6 zingebaki serikalini. Wanafunzi wa chuo kikuu, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, waliungana na wenzao wa vyuo vingine vya Dar es Salaam, wakavaa majoho yao na kuandamana. Bango mojawapo lilidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni, nalo ndilo lililowaponza zaidi, kwa kuwa nchi ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru na hakuna maneno ambayo yangeweza kumchoma zaidi mtu aliyeupigania.

Hata hivyo, bango si tamko, na tamko walilolisoma wanafunzi mbele ya Rais lilikuwa na mantiki ambayo masimulizi ya baadaye yaliisahau kwa urahisi mno. Walisema kwamba masharti yale yakibaki kama yalivyo, na mwenendo wa viongozi usipobadilika, basi miili yao ingekwenda JKT lakini roho zao zingebaki nje, na kwamba mapambano kati ya tabaka la wanasiasa na tabaka la wasomi yangeendelea bila kikomo. Lugha hiyo ilikuwa ya majivuno, na hakuna haja ya kuitetea. Vijana waliosomeshwa kwa kodi ya wakulima wa pamba na kahawa hawakuwa na sababu ya kujiita tabaka. Lakini ukiondoa majivuno hayo, kinachobaki ni swali la haki kabisa, nalo ni hili: ikiwa taifa ni maskini na kila mmoja hana budi kujinyima, kwa nini wa kwanza kubanwa awe yule ambaye bado hajaanza kazi, huku wanaoamua wakiendelea na mishahara waliyoirithi kutoka kwenye ngazi za watawala wa kikoloni?

Nyerere alilielewa swali hilo mara moja, na hapo ndipo ukubwa wake unapoonekana. Hakuwajibu kwa kuwaambia kwamba mishahara ya viongozi haiwahusu. Alikubali kwamba mishahara ni mikubwa kupita kiasi, wa kwake ukiwamo, akasema wazi kwamba nchi imekuwa ikigawana vibaya kidogo ilicho nacho, kisha akatangaza papo hapo kwamba anaupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Shilingi 5,000 zikawa 4,000, bila tume wala semina, na kupunguzwa kwa mishahara ya mawaziri na watumishi wa ngazi za juu kukafuata. Miezi mitatu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, ambalo pamoja na mambo mengine lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni na kupangisha nyumba. Si sahihi kudai kwamba maandamano ndiyo yaliyolizaa Azimio, kwa sababu mawazo yake yalikuwa yakikomaa kwa miaka kadhaa, lakini ni vigumu pia kuamini kwamba siku ile ya Oktoba haikuwa na mchango wowote katika kuharakisha uamuzi.

Msingi wa hasira ya Mwalimu Nyerere unaweza kufahamika kwa kurejea mfano aliokuwa akiutumia tangu mwaka 1964 kueleza wajibu wa msomi. Alimfananisha msomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kurudi na chakula kwa ajili ya wote. Mtu huyo akishiba na asirudi, alisema, ni msaliti. Kwa mtazamo huo elimu ya juu haikuwa tuzo ya aliyefaulu mtihani, bali ilikuwa amana, na deni la msomi halikuwa la kiasi fulani cha fedha bali la maisha yake yote ya kazi. Ni fikra nzito na yenye heshima. Lakini mfano huo una sharti ambalo halisemwi, yaani kwamba wanaobaki kijijini nao wanafunga mkanda, na kwamba mgawaji wa chakula hajifichii fungu pembeni. Wanafunzi wa 1966, kwa namna yao isiyo na adabu, walikuwa wakiuliza habari za sharti hilo.

Walichopata ni kufukuzwa. Karibu wanafunzi 400, wengi wao kutoka chuo kikuu, walirudishwa makwao, na sehemu kubwa ya Watanzania waliokuwa wakisoma Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, ikaondoka kwa mara moja, katika nchi ambayo ilikuwa na wahitimu wachache kiasi kwamba kila mwanasheria na kila mwalimu wa sekondari alihesabika. Miongoni mwao alikuwamo Samuel Sitta, ambaye baadaye alirudi, akamaliza masomo ya sheria, na hatimaye akawa Spika wa Bunge kuanzia mwaka 2005 hadi 2010. Wengi walisamehewa na kurejeshwa mwaka uliofuata. Je, ilikuwa haki mtu kukiri kwamba mlalamikaji ana hoja, akaitekeleza hoja hiyo kwa mshahara wake mwenyewe, na bado akamwadhibu mlalamikaji?

Swali hilo lingeweza kuachwa kama tukio la siku moja ya hasira kama yasingetokea ya mwaka 1978. Mwezi Machi mwaka huo wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena, safari hii si kwa ajili ya mifuko yao, bali kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wabunge na mawaziri. Kwa kila kipimo walikuwa wakidai kile ambacho Mwalimu alikisema Ikulu miaka 12 kabla yake. Walizuiwa na polisi, na zaidi ya mia tatu wakafukuzwa, akiwamo mtoto wa Rais. Kufukuzwa kwa mtoto huyo kumekuwa kukisimuliwa kama ushahidi wa uadilifu wa baba asiyempendelea mwanawe, na kweli ni ushahidi wa uadilifu huo. Lakini masimulizi hayo yanafunika swali lililo kubwa zaidi, la kwa nini yeyote kati ya wale vijana alistahili kufukuzwa. Mwaka 1966 walilaumiwa kwa kujifikiria wao wenyewe. Mwaka 1978 hawakujifikiria wao, na adhabu ikawa ileile. Mtu aliyesoma habari hizi mbili pamoja hawezi kukwepa kuhisi kwamba kosa halikuwa katika hoja, bali katika kuthubutu kuihoji mizani ya wakubwa.

Kuanzia miaka ya 1990 deni la msomi lilibadilika sura. Sera ya uchangiaji wa gharama, inayomtaka mwanafunzi na familia yake kubeba sehemu ya gharama za masomo, ilichukua nafasi ya elimu ya juu iliyolipiwa yote na serikali, kisha sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Tangu hapo wajibu ambao Nyerere aliueleza kwa mfano wa kijiji chenye njaa unaelezwa kwa asilimia, makato na taarifa ya deni. Mwanafunzi wa leo haulizwi kama atarudi kijijini na chakula; anaulizwa namba yake ya mkopo.

Fedha ya kujikimu anayopewa, ambayo wanafunzi huiita bumu, ni sehemu ya mkopo huo na inapaswa kutosha chakula na malazi. Kwa mwaka wa masomo wa 2022/23 kiwango chake kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hakuna anayebisha kwamba nyongeza hiyo ilihitajika. Lakini bumu haliji kila siku. Huja kwa mikupuo, na linapochelewa, mwanafunzi asiye na mtu wa kumtumia fedha hula mlo mmoja na kukopa vibandani. Upande wa malazi, mabweni yaliyofunguliwa Mlimani mwaka 2017, yenye nafasi za wanafunzi 3,840, yalipunguza shida bila kuimaliza, na ndiyo maana desturi ya kubebana, yaani mwanafunzi aliyepata kitanda kumlaza kwa siri mwenzake aliyekosa, imekuwa sehemu ya maisha ya chuo. Uongozi wa chuo huiona kuwa uvunjaji wa kanuni, na kwa maandishi ni kweli. Ila anayebeba anatoa nusu ya kitanda chake kwa mtu asiyemdai chochote, na ni vigumu kuona wapi pengine katika mfumo mzima wa elimu ya juu ambapo maadili ya Azimio la Arusha yanatekelezwa kwa ukamilifu kama huo.

Mkopo ukiisha kuliwa, huanza urejeshaji, na hapa ndipo hesabu ya 1966 inaporudi na nguvu zake zote. Awali mwajiri alitakiwa kukata asilimia 8 ya mshahara wa msingi wa mnufaika. Mwaka 2016 Bunge lilibadili sheria na kiwango hicho kikawa asilimia 15, na hakikuwagusa wakopaji wapya peke yao, bali hata wale waliosaini mikataba yao chini ya utaratibu wa zamani. Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, aliyekuwa akikatwa shilingi 64,000, alijikuta akikatwa 120,000 kwa mwezi, kabla hajaguswa na kodi, mchango wa pensheni na bima. Juu ya hayo ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, ambayo iliwafanya wengi wakatwe kwa miaka huku deni likionekana kukua badala ya kupungua.

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema kwamba mikopo isirejeshwe, maana fedha inayorejeshwa ndiyo inayomsomesha mdogo wa yule anayekatwa. Hoja ni ile ya kale: je, walioamua kwamba mwalimu kijana anaweza kuishi bila asilimia 15 ya mshahara wake waliuliza swali hilohilo kuhusu mishahara na marupurupu yao? Nyerere, pamoja na ukali wake wote kwa vijana, hakuwadai kabla ya kujidai. Alijipunguzia asilimia 20 saa ileile aliyowafukuza, na ndiyo maana hata waliofukuzwa waliendelea kumheshimu.

Mei Mosi ya mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6, na ilipofika Julai mwaka huo tozo hiyo ilikuwa imeondoka, jambo lililoleta nafuu ya kweli kwa maelfu ya wafanyakazi. Kiwango cha asilimia 15 hakikuguswa. Bunge lililokipandisha ndilo lenye mamlaka ya kukishusha, na wahitimu wanaokatwa wana haki ya kulidai lifanye hivyo hadharani, mishahara na marupurupu ya wabunge ikiwa mezani pamoja na ya mwalimu, bila yeyote kuadhibiwa kwa kuuliza.