Alama za SAT: usifiche zinazokutetea

Aliyefanya mitihani ya taifa ya NECTA au KNEC hajazoea kuchagua matokeo. Yakishatoka ndiyo hayo, na kila chuo kitayaona vilevile yalivyo. Ndiyo maana kijana wa Arusha au Eldoret anayeomba chuo Marekani hubabaika anapofika kwenye sehemu ya SAT. Amefanya mtihani mara mbili, pengine tatu. Anatakiwa aseme matokeo ya lini yaende, na vyuo vingine vinamwambia si lazima apeleke chochote. Uhuru huo unawaumiza vijana wetu kuliko unavyowasaidia, na wengi wanaumia bila kujua.

Mtihani wenyewe ni wa shirika la College Board na umekuwepo tangu 1926. Siku hizi hufanywa kwenye kompyuta kwa saa 2 na dakika 14, maswali 98, sehemu mbili: kusoma na kuandika, halafu hisabati. Kila sehemu ina alama kati ya 200 na 800, kwa hiyo kilele ni 1600. Tangu 2009 mwombaji anaruhusiwa kuchagua kikao atakachopeleka. Lakini anapeleka kikao kizima. Hawezi kunyofoa hisabati ya Oktoba akaiacha alama ya kusoma ya siku hiyohiyo. Kazi ya kunyofoa hufanywa na chuo.

Tuchukue mwanafunzi mwenye vikao viwili. Oktoba alipata 610 katika kusoma na 760 katika hisabati, jumla 1370. Desemba akapata 680 na 720, jumla 1400. Moyo unamwambia apeleke Desemba tu, kwa kuwa anaionea aibu ile 1370. Sasa, vyuo vingi, MIT kikiwemo, huchukua alama ya juu ya kila sehemu bila kujali ilipatikana siku gani. Akipeleka vikao vyote viwili, chuo cha namna hiyo kitamsoma kuwa mtu wa 680 na 760, yaani 1440. Akipeleka Desemba peke yake, pointi 40 za hisabati amezifungia kabatini kwa mkono wake. Kwa anayeomba uhandisi, hiyo si hasara ndogo.

Vyuo havina sheria moja. Georgetown kwa miaka mingi kimetaka kila kikao bila kubakiza. Vyuo vya University of California haviangalii SAT kabisa katika udahili, hata uje na 1600. Ukurasa wa udahili wa kila chuo usomwe, tena wa mwaka huu, maana mambo yamebadilika sana tangu korona. Panapotakiwa vikao vyote, peleka vyote. Mwombaji hutia sahihi kwamba aliyoyajaza ni kweli, na nafasi iliyopatikana kwa kuficha inaweza kufutwa hata baada ya barua ya kukubaliwa kufika.

Penye maumivu hasa ni kwenye vyuo vilivyofanya SAT kuwa hiari. Vituo vya mtihani vilipofungwa mwaka 2020, vyuo vingi vililegeza sharti hilo. MIT kilitangaza kulirudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 vikafuata Dartmouth, Yale, Brown na Harvard, kila kimoja kwa utaratibu wake. Vingine vingi vimebaki na hiari. Huko ushauri uliozagaa ni huu: tazama alama za wanafunzi waliokubaliwa mwaka jana, na ukiwa chini yao, nyamaza. Ushauri huo una kasoro kubwa. Hiari ilipokuja, wenye alama za chini waliacha kuzipeleka, hivyo takwimu zinazochapishwa ni za waliojiamini tu. Mwaka unaofuata mwingine anazitazama, anaogopa, naye anaficha. Kiwango kinaonekana kupanda wakati huenda uwezo wa waliokubaliwa ni uleule.

Watafiti wanne wa Dartmouth walipochunguza maombi ya chuo chao waligundua jambo lililochangia sana kurudishwa kwa mtihani. Waombaji kutoka mazingira magumu walikuwa wakificha alama za 1400 na kitu, kwa kudhani ni ndogo kwa chuo kama hicho, na kumbe alama hizohizo zingewaongezea nafasi ya kukubaliwa. Maofisa wa udahili huzipima pamoja na mahali zilipopatikana. Alama 1400 ya mtoto ambaye shuleni kwao hakuna aliyewahi kufika hapo ni habari kubwa. Alipoificha, hawakuwa na namna ya kuijua.

Nawaza vijana wetu ninaposoma hayo. Programu ya mtihani huu haifanyi kazi kwenye simu. Inahitaji kompyuta au tableti, na wapo wanaoishika kompyuta kwa kuazima. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa Kenya mwaka 2004 na John Manners pamoja na mwanariadha Mike Boit, huwachukua waliofanya vizuri KCSE wakitoka familia zisizo na uwezo na kuwanoa kwa ajili ya mtihani huo. Wengi hawana mpango wa aina hiyo karibu nao. Ada kwa mtu wa huku, pamoja na nyongeza ya kufanyia nje ya Marekani, inapita dola 100, na msamaha wa ada haumhusu mwanafunzi wa Tanzania au Kenya asiye raia wa Marekani. Ikiwa kikao cha pili hakikusogea sana, cha tatu sikishauri. Fedha hiyo ina kazi nyingine nyumbani.

Kuna nafasi nne za kutuma matokeo bure, lakini lazima uzitumie kabla ya siku tisa kupita baada ya mtihani, yaani kabla hujayaona matokeo yenyewe. Usizikimbilie kwa sababu ni za bure. Vyuo vingi hukubali ujaze alama mwenyewe kwenye fomu, taarifa rasmi ikaja baadaye ukishakubaliwa. Na kwa waombaji wanaosoma nje ya Marekani, Dartmouth kilieleza kwamba matokeo ya mtihani wa taifa unaolingana na A-Level yanaweza kusimama badala ya SAT. Wapo wanaolipa zaidi ya dola 100 bila kwanza kuuliza kama matokeo yao ya taifa yanatosha.

Kilichobaki ni cha walimu. Maombi haya huambatana na barua ya shule, na barua nyingi husema tu kwamba mwanafunzi ana nidhamu na bidii. Mwalimu aandike darasa lina wanafunzi wangapi, umeme unakatika mara ngapi, maabara ina nini na haina nini, wangapi wa shule hiyo wamewahi kufanya SAT, na huyu amepata alama ya ngapi kati yao.